Aliyesema Hajawa Tayari

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa, na kazi ya dereva ni kutazama mbele. Kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu Sista Rahabu Kitundu niliyapata kwa masikio, yakitendeka nyuma ya kiti changu: sauti yake ikimtuliza mama mwenye uchungu, ikimwambia kijana aliyevunjika asifumbe macho, ikiniambia mimi, "Miraji, taratibu hapo kwenye tuta," au, "Miraji, kanyaga." Akisema kanyaga nilijua hali ni mbaya. Hakuwa mtu wa kunihimiza bure.

Kituo chetu cha afya kiko kando ya barabara kuu iendayo Nzega, si mbali na Shelui, huku chini malori yanakopoza breki baada ya kushuka kona za Sekenke. Yasiyofika chini salama ndiyo yanayotuita sisi. Rahabu ni mzaliwa wa Ulemo, muuguzi mkunga, mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye mikono midogo kama ya mtoto wa shule. Mikono ile nimeiona ikifanya mambo. Siku moja lori la mashudu ya alizeti lililala ubavu, utingo akabaki amebanwa, damu inaruka pajani. Rahabu alivua viatu, akatambaa chini ya bodi la lori ambalo kila mtu alikuwa akilikimbia, akaikandamiza ile damu kwa ngumi, akakaa hivyo mpaka jeki ilipopatikana Shelui. Alipotoka, mkono ulikuwa umekufa ganzi, hawezi hata kushika kikombe. Yule utingo leo ni dereva.

Basi ulipokuja mpango mpya, hakuna aliyeshangaa jina lake kuwa la kwanza. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: sisi watu wa magari ya wagonjwa tulikuwa tumefanya kazi miaka yote bila kumfundisha mtu. Sasa vyuo vya afya vingeleta wanafunzi wapande magari pamoja nasi, na wale wahudumu wenye uzoefu wangekuwa walezi wao. Wangewafundisha kazi ikiendelea, na mwisho wangewapima na kusema kama wanaiweza. Lakini kabla ya hapo walezi wenyewe walipaswa kufundishwa, maana kujua kazi ni jambo moja na kumjulisha mwingine ni jambo jingine.

Mafunzo yalifanyika Singida mjini. Madereva tuliitwa pia kwa siku ya mwisho, ndiyo maana niliona kwa macho yangu. Mkufunzi alikuwa mama mrefu kutoka Dodoma, Mwalimu Theodora, mwenye sauti ya chini iliyofanya watu wanyamaze ili wamsikie. Katikati ya ukumbi palikuwa na mwanasesere wa plastiki mwenye ukubwa wa mtu mzima. Mmoja anajifanya mwanafunzi, mwingine mlezi, wengine wanatazama. Zamu ya Rahabu ilipofika, "mwanafunzi" wake alikosea kidogo tu namna ya kukaza kamba ya kuzuia damu, na kabla hatujapepesa macho Rahabu alikuwa ameshaichukua kamba na kuifunga mwenyewe.

"Vizuri," Mwalimu Theodora alisema. "Umemwokoa mgonjwa. Mwanafunzi amejifunza nini?"

Rahabu akacheka. "Amejifunza kunipisha."

Ukumbi mzima ukacheka. Wakarudia. Akanyang'anya tena. Mara ya tatu mwalimu alimvutia kiti, akamwambia, "Kalia mikono yako, dada." Na kweli akaikalia, kiganja kimoja chini ya kila paja, akamtazama yule mwenzake akihangaika na kamba, uso wake Rahabu ukitoka jasho kama anayekandamizwa yeye. Nilimwonea huruma. Mwenzake alipofaulu hatimaye, ndipo Rahabu alipoichomoa mikono yake.

Kabla ya kufunga, Mwalimu Theodora aliwaambia neno ambalo Rahabu alilirudia garini njia nzima ya kurudi. Alisema siku ya kumpima mwanafunzi utajaribiwa na mengi: ni mtoto mzuri, ana adabu, amejitahidi, wazazi wake wanamsubiri. Hayo yote yaache mlangoni. Jiulize swali moja tu: ningemwachia huyu dada yangu wa tumbo moja, nikaondoka?

"Swali gumu hilo," nilimwambia.

"Ni jepesi, Miraji," alisema. "Jibu lake ndilo gumu."

Wanafunzi wetu wa kwanza walikuwa wawili. Noel alikuwa kijana mzito wa maneno na wa miguu, alianguka ngazi ya gari siku ya kwanza. Mwingine alikuwa binti wa Mungaa aitwaye Janeth. Huyu tulimpenda wote kwa siku moja. Alikuwa anafika kabla ya wengine, anapanga vifaa, anasalimia kila mzee kwa shikamoo ya kuinama, na ukimwuliza swali la kitabuni anajibu mpaka aliyeuliza anajuta. Dozi za dawa alikuwa nazo kichwani. Rahabu alirudi nyumbani jioni ile akiwa na furaha. "Mungu amenianzishia na rahisi," aliniambia.

Na mwanzoni ilikuwa hivyo. Rahabu akiwa kando yake, Janeth alifanya kazi kwa wepesi wa kupendeza. Nilikuwa nasikia nyuma: "Sasa mshipa." "Ndiyo sista." "Sasa angalia pumzi." "Ndiyo sista." Kila kitu kinakwenda. Noel alikuwa bado anadondosha bandeji.

Kisha ukafika wakati wa kurudi nyuma, kama walivyofundishwa: onyesha, fanyeni pamoja, mwache afanye ukimtazama, mwisho mwache afanye kana kwamba hupo. Tuliitwa njia panda ya Shelui, bodaboda imegongana na mkokoteni wa ng'ombe. Mwendeshaji alikuwa amelala, mguu umepinda pasipo goti. Rahabu alimwambia Janeth, "Huyu ni wako. Mimi nipo hapa na Miraji." Akaja kusimama karibu na mlango wangu.

Janeth alipiga magoti. Akaangalia mguu. Akamwangalia Rahabu. Rahabu akatazama pembeni, kwa makusudi. Watu walikuwa wamekusanyika, mwenye ng'ombe anapiga kelele kuhusu ng'ombe wake. Janeth akaangalia mguu tena. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja yake, imetulia kabisa, kama ya mtu aliye kanisani. Yule kijana alikuwa anaanza kubadilika rangi midomoni.

"Janeth," Rahabu alisema.

"Ndiyo sista."

"Unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Rahabu akasogea, akachuchumaa karibu naye, akamwambia kwa upole, "Haya, pumzi." Na palepale mikono ya binti ikaamka, ikafanya pumzi, ikafanya mshipa, ikaufunga mguu vizuri kuliko ambavyo Noel angeufunga. Nilishangaa. Ilikuwa kama taa ambayo swichi yake iko mkononi mwa mtu mwingine.

Rahabu hakumgombeza. Katika wiki zilizofuata alijaribu kila alichofundishwa na vingine alivyobuni mwenyewe. Alimpa kesi ndogo ndogo aanze nazo peke yake, homa, kidonda. Alimketisha chini ya mwarobaini wa kituo, akamfanya aseme kwa sauti hatua zote, mtu akitoka damu unafanya nini, halafu nini, halafu nini. Janeth alizisema bila kukosa moja. Alimpanga na Noel, akidhani labda mbele ya mwenzake atathubutu. Matokeo yake Janeth akawa anamtii Noel. Noel anasema "leta bandeji," Janeth analeta. Noel mwenyewe alianza kukomaa kwa sababu hiyo, maana alijikuta kiongozi bila kuomba.

Siku moja tukirudi kutoka kupeleka mgonjwa, Rahabu alimkalisha mbele, katikati yetu, akamwuliza, "Mwanangu, kinakupata nini pale?"

Janeth alitazama mashamba ya alizeti yote ya upande ule yakipita. Kisha akasema, "Sista, kichwani najua. Lakini naona kama nikigusa bila kuambiwa, nitakuwa nimemuua mimi."

"Na usipogusa?"

"Hapo atakuwa amekufa mwenyewe."

Akaeleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na dada yake mkubwa, mtu mkali na mwenye mapenzi. "Nyumbani sijawahi kuamua hata chumvi ya mboga," alisema, na alicheka kidogo. Rahabu hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba alimwelewa binti yule vizuri sana, na kwamba kumwelewa hakukumsaidia kitu.

Siku ya tathmini alikuja mwalimu wa chuo chao, Melkizedeki, bwana mmoja mpole mwenye koti lisilomwenea. Mgonjwa wa Noel alikuwa mzee mwenye pumu. Noel alifanya polepole, akakosea kitu kidogo, akajisahihisha, akamaliza. Mgonjwa wa Janeth alikuwa mtoto aliyeungua na uji mkononi, kesi nyepesi. Rahabu alisimama mbali na kuikalia mikono yake, kwa namna ya kusema. Janeth alisimama na mtoto akilia mpaka mama wa mtoto akasema, "Jamani, hakuna nesi hapa?"

Rahabu aliandika ukweli. Kisha akamwita Janeth amwambie mwenyewe kwa mdomo, kwa sababu walifundishwa kwamba mwanafunzi asisome hukumu yake kwenye karatasi. Nilikuwa naosha gari nje ya dirisha lao, nikasikia.

"Hujawa tayari kufanya kazi peke yako," alimwambia. "Sikusema hufai. Nimesema hujawa tayari. Nimependekeza urudie mafunzo ya vitendo, hapa kwangu ukitaka."

"Mama, unanifelisha," Janeth alisema. Safari hii hakumwita sista. "Dada yangu ameshaambia watu wote Mungaa."

"Najua."

"Ungeniambia tu nifanye nini na yule mtoto. Neno moja."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikulisema."

Binti alilia, Rahabu naye akalia, kisha akaenda kuzungumza na Mwalimu Melkizedeki. Yeye alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba maoni yake yatafika, lakini akaongeza kwamba alama za vitendo huunganishwa na za mtihani wa kuandika, na mtihani wa Janeth siku zote ni wa juu kuliko darasa zima. "Mimi nitasema, sista," alisema. "Lakini hesabu ni hesabu."

Hesabu ilimbeba. Miezi kadhaa baadaye Janeth alifaulu, na alikuwa na moyo mwema kiasi kwamba alimpigia Rahabu simu kumshukuru. Haikupita muda tukasikia amepata mkataba katika zahanati ya kijiji kimoja ng'ambo ya mto unaoteremka kuelekea Wembere. Peke yake. Yeye na mhudumu wa usafi tu.

Rahabu aliniomba nimpeleke wilayani siku yake ya mapumziko. Sikuingia naye ofisini, lakini mlango ulikuwa wazi. Afisa aliyempokea, Bwana Sostenes, alikuwa mtu anayemheshimu. Alisimama kumpa kiti. Rahabu akasema aliyokuja kusema: binti ni mzuri, mpeleke mahali penye wenzake, kwenye wodi, chini ya mtu. Usimwache peke yake.

Bwana Sostenes alikaa akishika kipaji cha uso. "Sista, ile zahanati ilikuwa na kufuli mlangoni tangu masika ya mwaka juzi," alisema. "Akina mama wanazalia njiani. Sasa imefunguliwa, wananchi wamecheza ngoma. Niende niwaambie nimemwondoa nesi wao kwa sababu anasita? Nimpeleke nani?"

Rahabu hakuwa na mtu wa kumtaja. Alikaa pale kidogo na mkoba wake mapajani, akashukuru, akatoka. Tulirudi garini mpaka Misigiri. Hapo alisema, "Angekuwa mtu mbaya ningegombana naye."

Basi Rahabu na Janeth wakaishi kwa simu. Janeth alimpigia karibu kila siku. Sista, mtoto ana homa na degedege, nifanye nini? Sista, kidonda kimeoza, nianze na nini? Rahabu angeacha chakula kipoe, akamwuliza, "Wewe unaona ufanye nini?" Janeth angejibu sawasawa kabisa. "Basi fanya hivyo." "Asante sista." Rahabu alitumaini kwamba taratibu lile swali litakuwa fupi, na simu zitapungua. Na kweli zilikuwa zimeanza kupungua. Nataka hilo lijulikane. Wiki moja alipiga mara mbili tu.

Kisha mvua zikaja kwa nguvu. Mito ya kwetu ni ya mchanga, mwaka mzima unaivuka kwa miguu mikavu, watoto wanachimba maji humo. Lakini ikinyesha juu milimani, mto unashuka wote kwa pamoja. Mchana mmoja tukiwa kituoni, simu ya Rahabu iliita, akaweka sauti ya wazi kwa sababu alikuwa anafunga dawa.

"Sista, nina mama hapa amejifungua. Mtoto mzima. Kondo limetoka. Lakini damu haikati."

Rahabu aliacha dawa. "Anaitwa nani?"

"Ritha."

"Mwite jina lake, azungumze na wewe. Umempa sindano?"

"Nimempa."

"Safi. Weka mkono juu ya tumbo, chini ya kitovu. Ukoje mfuko wa uzazi?"

"Laini."

"Sugua. Sugua kwa nguvu mpaka uwe mgumu. Mhudumu wako ampe mtoto titi. Tunakuja."

Nilikuwa tayari nimewasha gari. Tuliondoka na Rahabu akiwa mbele, simu mkononi, akimsikiliza binti akipumua. "Unakaza?" "Unakaza kidogo, sista, halafu unalegea." "Usiache kusugua. Sasa sikiliza, kinachofuata—" na simu ikakata.

Alipiga. Haipatikani. Akapiga tena na tena. Baadaye tulijua mnara ulikuwa umepigwa na radi. Mimi nilikanyaga. Barabara ile ya udongo mweusi sijui niliipitaje. Yeye alikuwa anasema peke yake, kwa sauti, akitazama kioo cha mbele: "Weka dripu. Toa mkojo. Tazama kama amechanika. Vidonge viko kabatini, Janeth. Ngumi ndani, mkono juu, ukandamize. Janeth, vidonge."

Tukafika mtoni, na hapakuwa na mahali pa kupita. Maji mekundu, mapana, yanabeba miti mizima. Ng'ambo, juu ya mwinuko mdogo, tuliiona zahanati. Bati lake jipya lilikuwa linang'aa maana jua lilikuwa limetoka upande ule. Ungeweza kuhesabu madirisha. Nilishuka nikaingia majini mpaka mapajani na nusura yaniondoe. Vijana wawili waliokuwa pale walinivuta kwa shati.

Rahabu alisimama ukingoni. Akaita. Maji yalikuwa yanaunguruma, hata mimi niliyekuwa karibu sikumsikia sawasawa. Kisha mwanamume alitokea mlangoni mwa zahanati, akashuka mbio mpaka ukingo wa upande wake. Alikuwa Stefano, mumewe Ritha, kama tulivyojua baadaye. Alipunga mikono. Rahabu naye akapunga. Alipoona sauti haifiki, akaanza kuonyesha kwa vitendo. Alikunja ngumi moja, akaiinua juu aione, akaifunika kwa kiganja cha mkono mwingine, akakandamiza, akaelekeza kidole zahanati. Akarudia. Ngumi, kiganja, kandamiza. Alionyesha kumeza vidonge. Alionyesha dripu kwa kuinua mkono juu. Alirudia hadi kitenge kikamwanguka na hakukiokota.

Yule mwanamume alitazama kwa makini. Akafungua mikono yake kwa kutoelewa. Rahabu akarudia ngumi na kiganja. Hapo Stefano aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kama aliyeelewa, akapanda mbio kurudi.

"Ameelewa," nilisema.

"Ameelewa," alisema Rahabu, akakaa chini kwenye tope.

Hatukuwa na la kufanya. Mimi ni Mwislamu, yeye ni Mlutheri. Kila mtu aliomba kwa njia yake, na maji yaliendelea kupita. Jua lilikuwa limeshuka sana maji yalipopungua kiasi cha vijana wale kutuvusha kwa kushikana mikono. Rahabu alipanda ule mwinuko akiwa amelowa mpaka kifuani. Alisimama mlangoni, na mimi nyuma yake.

Ritha alikuwa amefariki. Janeth alikuwa bado amesimama kando ya kitanda, mkono juu ya tumbo la yule mama, anasugua. Mikono ilikuwa imevimba. Eliza, yule mhudumu wa usafi, alikuwa amekaa sakafuni na mtoto kifuani, analia bila sauti. Kabati lilikuwa limefungwa. Dripu ilikuwa kwenye boksi.

Rahabu aliuweka mkono wake juu ya mikono ya Janeth. "Acha sasa, mwanangu. Acha."

Janeth akaacha, palepale. Akamgeukia. "Ulisema kinachofuata," alisema. "Simu ikakata. Nilikuwa nasubiri useme."

Stefano alikuwa amepiga magoti pembeni, kiganja kimefunika ngumi. Baadaye, tulipokuwa tunamsaidia kuandaa mwili, alimwambia Rahabu kwamba alimwona ng'ambo ya mto akimwonyesha aombe. "Nimeomba, sista. Sijanyanyuka tangu uliponiambia."

Rahabu hakumsahihisha. Mpaka leo hajamsahihisha, wala mimi.

Kikao cha kuchunguza kifo kilifanyika. Hakuna aliyefungwa wala kufukuzwa. Walisema mto, mnara, uhaba wa watumishi, na yote yalikuwa kweli. Mtu mmoja aliuliza kama yule mama angepona laiti yale mengine yangefanyika. Rahabu alijibu kwamba huenda ndiyo, huenda sivyo. Amewahi kuyafanya yote kwa mkono wake na mama akafa. Janeth alihamishiwa wodi ya hospitali yenye wauguzi wengi, na kwa kweli huko wanamsifu. Zahanati ikarudishiwa kufuli. Bwana Sostenes alimpigia Rahabu, akamtakia usiku mwema ingawa ilikuwa asubuhi.

Mtoto yuko kwa bibi yake. Ni msichana, ana afya.

Rahabu aliomba aondolewe kwenye ulezi wa wanafunzi. Mganga mfawidhi wetu alimwambia hana mwingine, naye Rahabu alijua ni kweli kwa kuwa alikuwa ametoka kukaa kwenye kiti hichohicho cha kukosa mtu wa kumtaja. Wakaja wanafunzi wengine. Aliwafundisha kama kawaida, ila aliacha kuwaita wanangu.

Mwaka huu Mwalimu Theodora alimwita Singida aje azungumze na walezi wapya. Nilimpeleka. Alieleza vizuri kuhusu kurudi nyuma, kuhusu kunyamaza, kuhusu kusema ukweli siku ya tathmini. Watu waliandika. Kisha muuguzi mmoja kijana kutoka upande wa Ikungi, aitwaye Witness, akanyoosha mkono.

"Shikamoo sista. Nikisema mwanafunzi hajawa tayari, na bado wakamwajiri, mimi nifanye nini?"

Rahabu alimtazama Mwalimu Theodora. Mwalimu Theodora alikuwa anatazama meza.

"Marahaba," Rahabu alisema. "Mimi nilisema. Nikaenda ofisini, nikasema tena. Nikajibu kila simu." Alifungua viganja vyake, akaviangalia. "Zaidi ya hapo sijui, dada. Kama wewe utajua, uje Shelui uniambie."

Mtu wa chai aligonga mlango akasema vitafunwa vinapoa, na watu wakatoka mmoja mmoja, wakimpita Rahabu aliyekuwa bado amesimama karibu na yule mwanasesere wa plastiki. Nilimletea kikombe. Aliniambia niongeze sukari.